Mgongo wa Mama na Sanduku la Kilo Ishirini

Tikiti ilisema kilo ishirini. Kijiji chetu kizima, kule kwenye miteremko ya Mukurweini, kilizijua hizo kilo ishirini kabla mimi mwenyewe sijaamua nitabeba viatu gani.

Ilikuwa miaka ya sabini. Ratili zilikuwa zimeondolewa juzijuzi, na watu wazima walikuwa bado wanajifunza kilo kama mtoto anavyojifunza herufi. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea ualimu wa hesabu. Likumbuke hilo neno, hesabu, maana nitalihitaji baadaye kujisuta.

Msafiri wa siku zile hakufungasha peke yake. Aliyekuwa na mtoto ng'ambo hakuja kukuuliza kama una nafasi. Alikuja na kifurushi, akanywa chai, akasifu nyumba, akaaga, na kifurushi kikabaki mezani. Kukirudisha ilikuwa sawa na kumwambia kwamba mtoto wake si mtu. Mimi sikulalamika. Nikienda kukaa miaka mitatu katika nchi ambayo siijui, nilitaka watu wa kwetu wanione kama daraja, si kama ukuta.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuja siku nne kabla ya safari. Binti yake alikuwa muuguzi London na alikuwa amejifungua majuma machache yaliyopita. Jirani akatua mezani mfuko wa njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo kwetu mwanamke aliyejifungua hupikiwa ili arudishe damu na maziwa yashuke.

"Mwanangu amezalia kwa watu wasiojua njahi," alisema. "Ati wanampa supu ya mkebe."

"Nitambebea, mama," nikasema.

"Na huu unga wa ugali. Pakiti mbili tu. Hauna uzito."

Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni akimenya viazi. Hakuinua kichwa. "Kama hauna uzito, mbona umeutua mara mbili ukipanda hapo kwetu? Nimekuona."

Walicheka wote wawili mpaka kisu kikaanguka. Pakiti zile zilikuwa za dukani, zimefungwa na kiwanda cha unga, na kila moja ilikuwa imeandikwa ubavuni: kilo mbili. Ziliingia sandukuni chini kabisa, chini ya koti nililopewa na kanisa.

Sasa nieleze habari ya mizani, maana ndiyo kiini cha haya yote. Duka letu lilikuwa na mizani ya sahani ya kupimia sukari na mafuta ya kupikia, isiyozidi kilo kumi. Ukitaka kupima kitu kizito ulikwenda kiwanda cha kahawa, kule chini karibu na mto. Pale palikuwa na mizani ya kuning'inia: uso wa duara kama saa ya ukutani, mshale mwekundu, na ndoano nene chini yake. Kila mkulima alitundika gunia lake la kahawa mbivu kwenye ndoano ile, karani akasoma mshale, akaandika kwenye kadi, gunia likamwagwa. Kahawa ikishamwagwa pamoja na ya wengine, hakuna awezaye kuidai tena. Kilichobaki ni ile namba kwenye kadi.

Mama alikuwa ameshaigombania namba hiyo kwa miaka.

Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo mama ndiye aliyebeba kila tunda la kahawa lililotoka shambani mwetu. Alibeba mgongoni, ukanda wa ngozi umepita kipajini, kama wanawake wote wa kwetu. Ukanda ule ulikuwa umemchimbia mfereji kwenye paji la uso, na ukimwona akiwa amevua kitambaa ungeuona hata gizani. Kwa mgongo huohuo alibeba viazi mpaka sokoni, mahali ambapo mnunuzi alipima kwa mizani yake. Kwa hiyo mama alikuwa na vipimo viwili vya kulinganisha, cha soko na cha kiwanda, na kati yao mgongo mmoja. Alisema, tena mbele ya foleni nzima, kwamba kilo ya kiwandani ni nzito kuliko kilo ya sokoni.

"Mama," karani alimwuliza siku moja, kwa sauti ya kutaka wote wasikie, "mgongo wako una namba?"

Foleni ilicheka. Nilikuwapo, nikiwa msichana wa sekondari aliyerudi likizo, na ninaona aibu kuandika kwamba midomo yangu nayo ilitaka kucheka.

"Hauna namba," mama alijibu. "Lakini haulipwi mshahara ili uniambie uongo."

Karani akamkata kilo moja. Alisema ni ya maji, kahawa imelowa.

"Mvua haijanyesha wiki mbili. Maji gani?"

"Umande, mama. Mwingine."

Aliyefuata akasogea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na aliyemsumbua zaidi kwa jambo hili hakuwa karani. Alikuwa baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, ambaye alikuwa mjumbe wa kamati ya kiwanda. Alikuja nyumbani jioni ile na kumwambia, "Shemeji, unatuaibisha. Watu wanasema ujane umekufanya mgomvi. Mizani ni chuma, haina upande." Tangu hapo mama alipewa sifa hiyo, ya mgomvi, na akaivaa kama ile kofia ya marehemu baba aliyokuwa anaenda nayo shambani. Hakuitupa na hakuipenda.

Siku mbili kabla ya safari tulilipeleka sanduku kiwandani. Lilikuwa sanduku la kuazima, la kadibodi ngumu iliyofanywa ifanane na ngozi, na vitasa viwili vya shaba. Msimu ulikuwa umetulia, foleni haikuwapo, lakini watu walikuja tu kuona. Karani alitupokea vizuri sana. Sitamnyima haki hiyo. Alifuta ndoano kwa kitambaa, akaipitisha kwenye mshipi wa sanduku, akasimama kando kama mpiga picha.

"Kilo ishirini na mbili," akasoma. "Punguza, mwanafunzi. Na leo sikukati maji!"

Tulicheka. Nilifungua sanduku palepale kwenye saruji na kutoa vitabu vyangu viwili vya jiometri na viatu vyangu vya ngozi. Ningeweza kutoa unga. Lakini jirani alikuwa amesimama hapo, mikono kifuani, akiutazama kama anayemtazama mtoto akisafiri. Tukatundika tena. Mshale ukatulia kwenye ishirini, sawasawa, kama umepigiwa msumari.

Mama alilishusha sanduku kutoka kwenye ndoano. Alipitisha ukanda wake chini ya sanduku, akachuchumaa, akaliweka mgongoni, akainuka. Nikataka kumzuia, akanipuuza. Tulipanda kilima, yeye mbele na sanduku la Uingereza mgongoni, mimi nyuma na vitabu vyangu mkononi. Nusu ya njia alisimama.

"Hii imepita ishirini," alisema.

"Mama, umeona mshale."

"Nimeuona. Sasa nausikia. Toa kitu kingine."

"Mama," nikamwambia, kwa ile sauti ya upole ambayo watu waliosoma huitumia kwa wazazi wao, "mizani haina chuki na wewe."

Alinitazama kidogo, macho chini ya ukanda. Kisha akaendelea kupanda.

Asubuhi ya safari baba mdogo aliazima gari la rafiki yake na kutupeleka Nairobi. Mama alivaa gauni lake la kanisani. Nilikuwa nimevaa nguo tatu, moja juu ya nyingine, kwa sababu kilichovaliwa hakipimwi; hilo nakushauri mpaka leo. Mifukoni nilikuwa na soksi. Tulifika uwanja wa ndege mapema mno, kama wote wanaokwenda mara ya kwanza, na tulisimama kwenye foleni tukinong'ona kama tuko hospitali.

Kijana wa kaunta aliniomba niweke sanduku juu ya bamba la chuma. Mshale wa pale ulikuwa mkubwa, unaonekana na kila mtu. Ukaenda, ukapita ishirini, ukasimama.

"Ishirini na tatu na nusu," alisema. "Dada, kuna kilo tatu na nusu za ziada. Utalipia ama utapunguza?"

Alitaja malipo ya kila kilo. Baba mdogo alikohoa. Kisha akajikaza, akaegemea kaunta kama anavyoegemea meza ya mkutano.

"Kijana, hii mizani yenu imeharibika. Sanduku hili limepimwa. Ni ishirini kamili. Mimi mwenyewe ni mjumbe wa kamati pale lilipopimwa."

"Mzee," yule kijana alisema, bila ubaya wowote, "hii hukaguliwa kila mara, karatasi yake iko hapa ukutani. Hiyo yenu ilikaguliwa lini?"

Baba mdogo aliitazama karatasi ile ukutani. Nilimwona akitafuta jibu, akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, mkutano baada ya mkutano.

"Shemeji," mama alisema taratibu, "mjibu kijana wa watu."

Nyuma yetu foleni ilianza kusukuma. Baba mdogo, kwa kutaka kufanya jambo lolote, akasema nitoe kiondo ambacho mama alinisukia na blanketi aliyonipa. Mama hata hakumsikiliza. Alipiga magoti mbele ya sanduku, kwa gauni lake la kanisani, kwenye sakafu ile inayong'aa, Wazungu na Wahindi na Waafrika wenye tai wakizunguka miguu yetu, akaingiza mkono chini ya koti mpaka kiwiko.

"Njahi zibaki. Kuna mama anayezingoja," alisema. "Ugali unaweza kungoja." Akatoa zile pakiti mbili za unga.

Kijana akapima tena. Kumi na tisa na nusu.

Mama akabaki amesimama na pakiti mkononi. Hakujua kusoma, ila namba alizijua, maana alikuwa amejifunza kusoma kadi ya kahawa kabla ya kitu kingine chochote. Alininyoshea pakiti ya kwanza. "Hapa pameandikwa nini?"

"Kilo mbili, mama."

"Na hii?"

"Kilo mbili."

"Mbili na mbili?"

Mimi, mwanafunzi wa hesabu. "Nne."

"Na mshale umeshuka ngapi?"

Nilitazama mshale ingawa nilikuwa najua. "Nne."

Hakumwangalia hata baba mdogo. Alizifunga zile pakiti kwenye leso yake, akajifunga leso mgongoni kama anayebeba mtoto, na akaniambia niende, watu wanangoja. Nilitaka kumwomba msamaha pale pale. Lakini nilikuwa nimeshapewa kadi ya kuingilia, mtu ananionyesha mlango, na maneno niliyoyapata yalikuwa, "Nitaandika." Hilo ndilo neno nililomwachia.

Katika ndege sikutazama dirishani. Nilikuwa na penseli na mfuko wa karatasi ule wanaoweka kwa ajili ya kutapika, na niliujaza hesabu. Nitakueleza nilichoona, polepole, kwa sababu ni rahisi na mtu yeyote anaweza kukiona akionyeshwa. Wengi hudhani mizani ya wizi huanza mahali pabaya, mshale ukiwa nyuma ya sifuri. Hiyo mtoto ataigundua. Ya kwetu ilianza kwenye sifuri safi kabisa. Ilichofanya ni kuwa mvivu njiani. Springi yake ilikuwa imekazwa, na kadiri mzigo ulivyokuwa mzito ndivyo mshale ulivyobaki nyuma zaidi. Ukitundika kitu chepesi huoni chochote. Ukitundika kilo ishirini na tatu na nusu, unaandikiwa ishirini. Aliyebeba kingi aliibiwa kingi. Mwanamke aliyeamka mapema zaidi, akachuma zaidi, akapanda na kushuka mara nyingi zaidi, ndiye aliyelipia zaidi. Na juu ya hayo, kilo moja ya umande!

Nilihesabu mpaka mfuko ukajaa pande zote mbili. Yule mwenzangu wa kiti aliniuliza kama ninajisikia vibaya. Nilimwambia ndiyo.

Njahi zilifika. Binti wa jirani alizipokea mlangoni akalia, na akanipikia siku ileile ingawa yeye ndiye aliyekuwa mzazi.

Barua iliyofuata kutoka nyumbani iliandikwa na baba mdogo, si na mtu mwingine. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu anayeandika akiwa amesimama. Alisema siku ya kwanza ya kuchuma, mama alishuka kiwandani akawa wa kwanza kwenye foleni. Alipofika kwenye ndoano hakutundika gunia. Alitoa pakiti mbili za unga.

"Mama, leo umetuletea ugali?" karani alimwuliza.

"Pima."

"Kiwanda hakinunui unga."

"Sijasema ununue. Pima. Ni kilo nne, mkono wako hautaumia."

Zilitundikwa ndani ya kikapu chepesi cha nyuzi. Mshale ulifika tatu, ukapita kidogo, ukakataa kufika nne. Karani akasema unga hukauka, hupungua. Mwanamke mmoja nyuma akauliza, "Maji tena?" na hapo, baba mdogo aliandika, kicheko kilibadilika upande. Wanawake wawili walipanda mpaka dukani wakarudi na pakiti zaidi, na zaidi, mpaka kikapu kikawa na pakiti kumi, kilo ishirini kwa maandishi ya kiwanda cha unga, na mshale ukasimama kwenye kumi na saba. Kahawa ilikaa juani mpaka mchana. Hakuna aliyemwaga gunia lake.

Kamati ilikutana. Na hapa naomba unisamehe nikipandisha sauti, maana miaka imepita lakini hasira yangu haijapungua hata gramu moja. Kamati ilitangaza kwamba mizani imechoka.

Imechoka! Kitu kilichochoka hukosea huku na huku. Leo kingemnyima mkulima, kesho kingemzidishia kwa bahati mbaya, hata mara moja tu. Mizani yetu haikuwahi kukosea upande wetu, mwaka baada ya mwaka. Mama yangu ndiye aliyechoka. Wanawake wenye mifereji kwenye vipaji ndio waliochoka. Chuma kile kilikuwa na afya njema kabisa, kikifanya kazi waliyokituma. Mizani mpya ikaletwa, karani akahamishiwa kiwanda kingine ng'ambo ya mto, nadhani na kitambaa chake cha kufutia ndoano, na mambo yakaitwa yamekwisha. Kilichokuwa kimechukuliwa hakikurudi. Na hakuna hata mmoja, wa kamati wala wa foleni, aliyekuja nyumbani kumwambia mama, "Ulikuwa unasema kweli." Kumwita mgomvi walikuja. Kumwondolea jina hilo hakuna aliyekumbuka njia.

Barua ya baba mdogo iliishia na sentensi moja ambayo ilikuwa imefutwa, ikaandikwa tena: "Mwambie mama yako kwamba mimi sikujua." Nilimwandikia kwamba yeye anaishi hatua mia mbili kutoka kwa mama, na mimi niko ng'ambo ya bahari.

Nilirudi baada ya miaka mitatu. Mama alinipokea kule barabarani, mahali gari linaposhusha watu, na ukanda wake begani. Tulipopita kiwandani alinionyesha jiwe jeusi la mtoni, limefungwa kamba, limekaa chini ya mizani. Lilikuwa limepimwa sokoni mbele ya mashahidi: kilo kumi. Kila asubuhi ya kuchuma, kabla ya gunia la kwanza, mwanamke mmoja hulitundika na wengine husoma mshale kwa sauti. Wanapokezana. Hakuna karani aliyeruhusiwa kuligusa. Jioni jiwe halilali kiwandani. Hulala kwa mmoja wao.

"Nani alianzisha?" niliuliza.

"Wale wagomvi," alisema.

Tulianza kupanda kilima, yeye na sanduku langu mgongoni. Nilikuwa nimejizoeza maneno yangu kwa miaka mitatu, nikayasahau yote pale pale tulipokuwa tumesimama siku ile. Nikasema tu, "Mama, nilikukosea. Ulikuwa umeubeba mzigo mgongoni, na mimi nikauamini mshale."

"Ulisema mizani haina chuki na mimi," alisema. Alikuwa amelikumbuka neno kwa neno.

"Nilisema."

Alilitua sanduku chini. Nilidhani anapumzika. Akavua ukanda kipajini, akaupangusa jasho kwa leso, akaninyoshea.

"Beba wewe," alisema. "Ukifika juu uniambie ni kilo ngapi."

Nilichuchumaa kama nilivyomwona akifanya tangu utoto wangu, nikaweka ukanda kipajini, nikainuka kwa shida. Ngozi ilikuwa na joto lake. Iliuma mahali ambapo sikujua kwamba panaweza kuuma. Yeye akatangulia mikono mitupu, na kila baada ya hatua chache aligeuka kunitazama, akicheka, akiniambia niiname zaidi, nisibebe kwa shingo, nibebe kwa mgongo.